Kuchelewa Kugunduliwa kwa Uvimbe wa Tezi ya Pituitari: Historia Fupi

Tezi ya pituitari imening'inia chini ya ubongo, nyuma ya mzizi wa pua, ndani ya kishimo cha mfupa. Ukubwa wake haupiti sana punje ya njegere na uzito wake ni kama nusu gramu, lakini homoni zake ndizo zinazoamrisha ukuaji wa mwili, hedhi, maziwa ya mama, na kazi ya tezi ya koo na tezi zilizo juu ya figo. Uvimbe unaoota humo kwa kawaida si saratani, nao hukua polepole. Hudhuru kwa kumwaga homoni kupita kiasi, kwa kuikausha tezi yenyewe isitoe homoni za kutosha, au kwa kuibana mishipa ya fahamu ya macho inayopita juu yake. Tangu zamani uvimbe huu umekuwa ukigunduliwa kwa kuchelewa, na kila zama zilikuwa na sababu yake.

Sababu ya kwanza ilikuwa kutojua kazi ya tezi. Kwa zaidi ya miaka elfu moja waganga wa Ulaya walifuata mafundisho ya Galen, tabibu wa kale, kwamba uchafu wa ubongo huchujwa kupitia tezi hii na kushuka puani kama kamasi. Hata Andreas Vesalius, aliyesahihisha maelezo ya Galen kuhusu mwili katika mambo mengi mwaka 1543, hakuliacha wazo hilo. Katika karne ya 17 Conrad Schneider na Richard Lower walionyesha kwamba hakuna njia ya majimaji kutoka ubongoni hadi puani. Tezi ikabaki bila kazi inayojulikana, na kiungo kisichojulikana kazi yake hakishukiwi kuwa na ugonjwa.

Kisa cha Charles Byrne kinaonyesha gharama ya ujinga huo. Byrne alizaliwa Ireland mwaka 1761, akafika London mwaka 1782 na kujipatia riziki kwa kuonyeshwa hadharani kama jitu. Alifariki Juni 1783 akiwa na umri wa miaka 22. Aliwaomba rafiki zake wamzike baharini, kwa kuwa alijua wapasuaji walikuwa wakiuvizia mwili wake. John Hunter, daktari mpasuaji mashuhuri wa mji huo, aliupata kwa fedha, na mifupa yenye urefu wa mita 2.31 ikaishia katika mkusanyiko wake, ambao baadaye ulikabidhiwa chuo cha madaktari wapasuaji. Umati wa watu uliitazama, wakiwemo madaktari wa vizazi vinne au vitano. Fuvu halikufunguliwa.

Ugonjwa ulipata jina mwaka 1886, Pierre Marie alipoeleza habari za wanawake wawili katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris. Mikono, miguu na uso wao vilikuwa vimepanuka ukubwani. Aliuita akromegali. Madaktari wengine walikuwa wameandika juu ya wagonjwa wa namna hiyo kabla yake, lakini kila mmoja aliona ajabu la peke yake. Marie alionyesha kwamba ni ugonjwa mmoja. Mwaka uliofuata Oskar Minkowski alisisitiza kwamba wagonjwa hao huwa na tezi ya pituitari iliyovimba. Bado chanzo na matokeo vilichanganywa. Marie mwenyewe alidhani tezi imeharibika na kushindwa kazi, na wengine wakaona uvimbe wake ni sehemu tu ya kupanuka kwa viungo vyote.

Aliyeugeuza mjadala ni Harvey Cushing, daktari mpasuaji wa ubongo wa Marekani. Mwaka 1909 alitetea hoja kwamba tezi inaweza kuzidisha kazi au kuipunguza, na kwamba akromegali ni ya kuzidisha. Mwaka huohuo alifika London na kumwomba Arthur Keith, msimamizi wa makumbusho ya Hunter, afungue fuvu la Byrne. Kishimo cha pituitari kilikutwa kimepanuka kupita kiasi. Jibu lilikuwa limekaa ndani ya mifupa hiyo kwa miaka 126. Ikaeleweka pia kwamba jitu na mgonjwa wa akromegali wana maradhi ya aina moja: homoni ya ukuaji ikizidi kabla ncha za mifupa hazijafunga, mtu hurefuka, ikizidi baadaye, hupanuka taya, paji la uso, mikono na nyayo.

Vifaa navyo vilianza kupatikana. Kabla karne ya 19 haijaisha, picha za eksirei zilikwisha kuonyesha kupanuka kwa kishimo cha tezi kwa mtu aliye hai. Upimaji wa upeo wa macho ukasaidia zaidi, kwa sababu uvimbe ukipanda juu hufifisha kwanza uoni wa pembeni wa macho yote mawili. Mgonjwa hugonga fremu za milango na hushtukizwa na chombo kinachotoka ubavuni, ilhali herufi zilizo mbele yake anazisoma vizuri. Lakini alama zote mbili zilikuwa za uvimbe mkubwa. Aliyegunduliwa kwa njia hizo alikuwa ameugua miaka mingi, na upasuaji wa kupitia puani, uliofanywa mara ya kwanza na Hermann Schloffer huko Innsbruck mwaka 1907, ulimkuta akiwa amechelewa.

Uvimbe mdogo ulimchelewesha hata Cushing. Mwaka 1910 alimwona mwanamke kijana mwenye uso wa mviringo, kitambi, nywele nyingi usoni, michirizi ya zambarau tumboni na hedhi iliyokoma. Alimweleza katika kitabu chake cha mwaka 1912 bila kujua kwa hakika ni tezi ipi yenye kosa. Ilimchukua hadi mwaka 1932 kukusanya wagonjwa 12 na kutamka kwamba chanzo ni uvimbe mdogo sana wa pituitari. Ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake.

Nje ya hospitali, dalili zilionekana na kufanyiwa mzaha. Mary Ann Bevan, aliyekuwa muuguzi Uingereza, alibadilika sura kwa akromegali baada ya kuolewa. Alipofiwa na mume mwaka 1914 aliishia kulea watoto wake kwa kuonyeshwa Marekani kama mwanamke mwenye sura mbaya kuliko wote. Mwaka 1927 jarida la Time lilipochapisha picha yake kwa dhihaka, Cushing aliliandikia kulilaumu na kueleza kwamba huyo ni mgonjwa.

Hatua kubwa iliyofuata ilitoka maabara. Rosalyn Yalow na Solomon Berson wa New York walibuni mwishoni mwa miaka ya 1950 njia ya kupima homoni zilizo chache mno katika damu, na kufikia 1963 homoni ya ukuaji ilikuwa inapimika. Yalow alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977, Berson akiwa ameshafariki. Miaka ya 1970, homoni ya prolaktini ilipoanza kupimwa, iligundulika kwamba sehemu kubwa ya uvimbe uliodhaniwa hautoi homoni yoyote ulikuwa ukiimwaga hiyo. Wanawake waliokosa hedhi, waliotokwa na maziwa bila kunyonyesha, au waliohangaika miaka kutafuta mtoto wakapata maelezo, na mara nyingi nafuu kwa vidonge vya bromokriptini. Wanaume walichelewa zaidi, kwa kuwa upungufu wa nguvu za kiume hausemwi kwa urahisi. Wengi walifika daktarini macho yakiwa yameanza kufifia. Skana ya CT, iliyotumika kwa mgonjwa mara ya kwanza London mwaka 1971, na baadaye MRI, zilifanya uvimbe wa milimita chache uonekane.

Mwaka 2011 watafiti walitoa DNA katika meno ya Byrne wakakuta kasoro ya jeni ya AIP, ileile waliyoikuta kwa familia za Ireland ya Kaskazini zinazoishi leo. Ndugu wa familia hizo wanaweza kupimwa kabla ya dalili. Makumbusho ya Hunter yalipofunguliwa upya mwaka 2023, mifupa ya Byrne haikurudishwa kwenye maonyesho.

Pamoja na hayo yote, kwa muda mrefu tafiti zimetaja wastani wa miaka 5 hadi 10 kati ya dalili za kwanza za akromegali na utambuzi wake. Sura inapobadilika kidogokidogo, wanaoishi na mgonjwa hawaoni tofauti. Mara nyingi huonwa na mgeni, au na mtu anayelinganisha picha za zamani na za sasa. Isitoshe, dalili hugawanywa: meno yanayoachana kwa daktari wa meno, ganzi ya mikono kwa daktari wa mifupa, kisukari na shinikizo la damu kliniki nyingine, kukoroma hakupelekwi popote. Kila moja ni ya kawaida ikiwa peke yake. Pete isiyoingia tena kidoleni na namba ya viatu inayopanda ukubwani, zikiambatana na mojawapo ya hayo, ni sababu tosha ya kupima katika damu kiwango cha IGF-1, homoni inayopanda homoni ya ukuaji inapozidi, kwa kuwa maabara na skana hufanya kazi baada ya mtu kushuku.