Udhuru Mbele ya Kipimo: Rai Juu ya Kazi Katika Maghala ya Amazon

Waandishi wanaosimulia habari za kazi katika maghala ya Amazon aghalabu huanza na mashaka ya mwili: mwendo mrefu wa kutwa, joto la kiangazi, mgongo unaouma na vidole vinavyokufa ganzi. Mashaka hayo yana ushahidi wa kutosha, na sikusudii kuyapunguza. Mwaka 2011 gazeti la The Morning Call la Allentown, katika jimbo la Pennsylvania, lilifichua kuwa katika siku za hari kali magari ya wagonjwa yaliwekwa tayari nje ya ghala moja la kampuni hiyo, ili wanaozimia wachukuliwe bila ya kukawia. Walakini kazi nzito haikuzaliwa na biashara ya intaneti. Mahamali wa bandarini na wakata mkonge waliijua kabla ya kompyuta kuwako, na lau shida ingalikuwa uzito peke yake, mashine za kupoza hewa, ambazo kampuni ilizitia maghalani baada ya fedheha ile, zingalitosha kuimaliza. Rai ninayotaka kuitetea hapa ni kwamba dhiki mpya ya wafanyakazi hawa iko mahali pengine: wamenyimwa udhuru, yaani fursa ya mtu kueleza kwa nini kazi yake leo imepungua, mbele ya mtu mwenziwe aliye na mamlaka ya kuukubali au kuukataa.

Kampuni hii, iliyoasisiwa na Jeff Bezos mwaka 1994 kwa kusudi la kuuza vitabu, leo ina wafanyakazi zaidi ya milioni moja na nusu duniani, na umati kama huo hauwezi kuendeshwa kwa kufahamiana. Mwaka 2012 ilinunua kampuni ya Kiva Systems, watengenezaji wa roboti za ghalani, kwa dola milioni 775. Tangu hapo, katika maghala mengi, mfanyakazi haendi tena kutafuta bidhaa baina ya rafu, bali rafu yenyewe huletwa mbele yake, naye husimama mahali pamoja akitoa na kutia zamu nzima. Miguu ilipumzishwa, macho na mikono ikaharakishwa. Skana anayosomea alama za bidhaa ina kazi mbili kwa wakati mmoja, maana kila mlio wake unaoarifu kuwa kitu kimetoka rafuni waarifu pia kuwa mtu yuko kazini, na mlio ukikosekana kwa dakika kadhaa, dakika hizo huandikwa katika hesabu ya muda alioupoteza. Hati za mzozo mmoja wa kazi, zilizotangazwa mwaka 2019 na zinazohusu ghala la Baltimore, zilionyesha kuwa mfumo huo huweza kutunga wenyewe onyo, na hata barua ya kumwachisha mtu kazi, bila ya msimamizi kutia neno. Kampuni ilijibu kuwa msimamizi anao uwezo wa kuitengua hukumu hiyo. Na awe nao. Lakini utaratibu ambao hukumu hutangulia na kusikilizwa hufuata, ikiwa kutafuata, umekwisha kupindua kanuni ya kila baraza la haki.

Insafu yataka hoja ya upande wa pili isemwe kwa nguvu zake zote. Kipimo cha mashine hakina jamaa wala kabila, hakili rushwa, wala hakimchukii mtu kwa sura yake, ilhali mnyapara wa shamba la mkonge aliweza kumwandikia kazi kamili aliyempenda na kumkatia aliyemchukia. Februari 2023 mahakama ya Hannover, Ujerumani, ilipima hoja ya namna hii katika shauri la ghala la Winsen, ambako mamlaka ya kulinda data ya jimbo ilikuwa imekataza ukusanyaji wa takwimu za kazi za kila dakika. Kampuni ikapewa ushindi, na miongoni mwa yaliyozingatiwa ni kwamba takwimu hutoa msingi wa tathmini usiotegemea matakwa ya msimamizi. Ujira nao hauwezi kupuuzwa: tangu Novemba 2018 kima cha chini cha kampuni hii nchini Marekani kilikuwa dola 15 kwa saa, zaidi ya mara mbili ya kile kinacholazimishwa na sheria ya shirikisho.

Nayakubali yote hayo isipokuwa natija yake. Dhuluma ya mnyapara ilikuwa na uso; mtu aliweza kumwendea, kumshitaki kwa mkubwa wake, kumwaibisha mbele ya watu, na mwisho kugoma dhidi yake kwa jina lake. Kipimo kisichojua upendeleo hakijui pia ujauzito, wala kufiwa, wala umbali uliopo baina ya mahali mtu anaposimama na choo. Tena ukali wake juu ya dakika waegemea upande mmoja. Tarehe 9 Desemba 2014, katika kesi ya Integrity Staffing Solutions dhidi ya Busk, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kuwa wafanyakazi wa wakala mmoja katika maghala ya Amazon huko Nevada hawakustahili malipo kwa muda waliosimama kwenye foleni ya kupekuliwa baada ya zamu, muda ambao wao walisema ulifika hata dakika 25. Sheria ilisomwa sawasawa, sina shaka, maana majaji wote tisa walikubaliana. Lakini ajabu ni ajabu, kuwa dakika moja ya mfanyakazi akiwa ndani ya zamu huhesabiwa hata ikitumika kunywa maji, na 25 akiwa amezuiliwa mlangoni na kampuni yenyewe hazihesabiki.

Mahali ambapo suala hili lilidhihirika kuliko pote ni Shakopee, karibu na Minneapolis, katika jimbo la Minnesota. Ghala la hapo lilijaza nafasi zake kwa Wasomali wengi, ambao baadhi yao walipitia kambi za wakimbizi za Kenya kabla ya kufika kwenye theluji ile. Hao hawakuomba kazi nyepesi. Walichouliza ni jambo ambalo mfumo haukuwa na jibu lake: Mwislamu anapokwenda kuswali, kama sheria ya nchi inavyomruhusu, dakika zile zaingia katika hesabu ya nani? Kuruhusiwa kuondoka ilhali idadi ya vifurushi vinavyotakiwa haipungui ni ruhusa inayotolewa kwa mkono wa kulia na kuchukuliwa kwa wa kushoto. Na mwezi wa Ramadhani ulipoangukia siku ndefu za karibu na kiangazi, wafungaji wakafanya kazi ghalani kwa njaa na kiu huku kipimo kikiwadai kama siku nyingine. Kwa msaada wa jumuiya iitwayo Awood Center waliandamana, wakaifikisha kampuni kwenye mazungumzo mwaka 2018, jambo ambalo haikuwa na desturi ya kulifanya na wafanyakazi wake wa Marekani. Miongoni mwa yaliyoripotiwa kuahidiwa ni kwamba mtu asifukuzwe kwa sababu ya kipimo mpaka meneja mkuu na meneja anayesema Kisomali wakubaliane, na kwamba malalamiko ya mtu mmoja mmoja yajibiwe katika siku tano. Wafanyakazi waliona hayo hayatoshi, kwa kuwa kasi yenyewe haikuguswa. Wakaandamana tena Desemba, na Julai 2019 wakagoma siku ya mauzo makubwa ya kampuni. Hata hivyo ahadi ile ya kwanza naiona kuwa ungamo kubwa, maana waajiri, walipobanwa, hawakutoa mashine bora bali walitoa watu wawili wa kusikiliza.

Juu ya watumishi wa maofisini sitakawia. The New York Times ilieleza Agosti 2015 jinsi watu wenye mishahara minono huko Seattle walivyoweza kusemwa kwa siri na wenzao kupitia chombo cha ndani cha kutoa maoni. Bezos alijibu kuwa kampuni iliyosimuliwa siyo aijuayo. Hata akiwa msema kweli, mtu wa ofisini ana simu, ana wakili, na ana mwajiri mwingine anayemngoja ng'ambo ya barabara.

Sheria zimeanza kuamka, kila moja kwa njia yake. California, kwa sheria inayotumika tangu Januari 2022, yataka mfanyakazi wa ghala aelezwe kwa maandishi kiwango anachodaiwa, na yakataza kiwango kinachomzuia kula au kwenda chooni; Minnesota ilifuata mwaka 2023. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi: mamlaka yake ya kulinda data iliitoza kampuni tanzu ya Amazon faini ya euro milioni 32, ikikataa, pamoja na mengine, kipimo kilichomtia kosani mtu aliyesoma bidhaa ya pili kabla ya sekunde 1.25 kupita, yaani aliyekwenda mbio kupita kiasi. Tazama basi: mkosaji ni mwenye kukawia, na mkosaji ni mwenye kuharakisha. Naona njia ya Ufaransa inakaribia kiini kuliko ya California, kwa kuwa karatasi yenye kiwango kilichoandikwa humwambia mtu anachodaiwa bila ya kumpa wa kumwendea anaposhindwa kukilipa. Kinachohitajika kuongezwa ni kifungu kifupi, kwamba onyo lolote lililotungwa na mfumo lisiwe na nguvu mpaka mfanyakazi awe amesikilizwa na mtu mwenye idhini ya kulifuta, na sababu zake ziandikwe pamoja na takwimu katika daftari lile lile.