Tanini: weusi usiosikia sabuni

Fundi akishinda anachonga mbao mbichi ya mkomafi kwa tezo, jioni viganja vyake huwa vyeusi, na kucha zimezungukwa na mstari kama wa wino. Anasugua kwa sabuni, anasugua kwa mchanga, weusi uko pale pale. Pwani ya Msuka, kaskazini mwa Pemba, kama popote panapoundwa vyombo, wengi watakwambia ni utomvu wa mti. Utomvu haumo katika kesi hii. Mwenye kesi anaitwa tanini.

Tanini ni jina la kundi la kemikali ambazo mti huzitengeneza na kuzihifadhi kwenye gome, majani, matunda mabichi na mara nyingi kwenye moyo wa mti wenyewe, ili wadudu na ukungu wasiufaidi. Zote zina tabia moja: hung'ang'ania protini. Ukitafuna ndizi mbichi, tanini hushika protini zilizomo ndani ya mate, mate yakapoteza utelezi wake na ulimi ukakauka na kukwaruza. Ukiloweka ngozi mbichi ya ng'ombe ndani ya maji ya magome, tanini hushika protini za ngozi, nayo haiozi tena. Huko ndiko kudabighi. Jina lenyewe tumelipata kutoka Kifaransa, na asili yake ni gome la mwaloni ambalo Wazungu walidabighia ngozi zao. Huku kwetu gome lililotafutwa kwa kazi hiyo ni la mikoko: enzi za Wajerumani, magome kutoka delta ya Rufiji yalipakiwa kupelekwa Ulaya.

Je, tulihitaji neno la kigeni? Wapo wanaosema tungetosheka na ukakasi. Mimi sikubali. Ukakasi ni ile hali anayoisikia mlaji mdomoni. Hauwezi kupimwa kwa gramu wala kutiwa kwenye chupa. Tanini ni kitu, na chai inayo hata pale sukari na maziwa yanapoufunika ukakasi wake. Basi tuache tanini iitwe tanini, na mwalimu anapoieleza darasani aanzie kwenye ukakasi, kwa sababu kila mtoto ameshauonja. Ninachokipinga zaidi ni kuiita rangi ya mti. Hapo mwanafunzi anapotezwa kabisa, maana tanini peke yake haina weusi: ni njano hafifu au hudhurungi.

Weusi huzaliwa tanini inapokutana na chuma penye majimaji. Tezo ni chuma, msumeno ni chuma, randa nayo ina bapa la chuma. Mbao mbichi ina maji na mikono ina jasho. Vyuma hivi huacha chembe ndogo zisizoonekana, tanini ikazidaka, na kinachotoka ni mchanganyiko mweusi wenye ubuluu. Wazungu waliandikia wino wa namna hiyo kwa karne nyingi, wakiuchemsha kutokana na vivimbe vya mwaloni na chumvi ya chuma. Mbao za chombo kikuukuu zinaonyesha jambo hilo hilo: kuzunguka kila msumari pana duara jeusi lililozama ndani ya ubao. Asiyeamini na atie msumari wenye kutu ndani ya kikombe cha chai ya rangi iliyokolea, auache ulale humo. Asubuhi atakuta chai imekuwa nyeusi kama wino. Akikamulia ndimu, ataona weusi ukififia mbele ya macho yake.

Jaribio hilo ndilo jibu la mikono ya fundi. Asidi ya ndimu hukikamata chuma na kukitenganisha na tanini, na weusi ukakosa mshirika. Kata ndimu, sugua viganja na pembeni mwa kucha, acha dakika chache, kisha suuza. Siki pia husaidia, ingawa kwa uvivu. Sabuni ya kufulia ije baadaye, kwa sababu ina magadi, na magadi huizidishia tanini giza. Mafundi wengi hufanya kinyume: sabuni kwanza, tena kwa nguvu, halafu wanashangaa.

Kinachobaki baada ya ndimu ni ile hudhurungi ya tanini iliyoshika protini za ngozi yako. Kwa maneno mengine, fundi amejidabighi kidogo. Hiyo haina dawa ya haraka, itaondoka pamoja na ngozi ya juu inapojibadilisha, kama hina inavyoondoka. Na hapa ndimu ina vituko: ile ile inayosafisha mkono wa seremala ndiyo wanayoitia wanawake kwenye hina ili rangi ikolee, kwa kuwa rangi ya hina hutoka vizuri penye asidi.

Doa la utomvu ni jambo jingine. Utomvu wa mfenesi hunata, hauchukuliki kwa maji wala kwa ndimu. Dawa yake ni mafuta ya nazi, kisha sabuni. Kwa hiyo kabla ya kusugua, uliza kwanza doa limetoka wapi: jeusi lisilonata ni la tanini na chuma, linalonata ni la utomvu.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Paka mafuta ya nazi viganjani kabla ya kushika mbao mbichi, futa jasho, futa na tezo. Msumari uliopakwa zinki hauachi lile duara jeusi upesi.

Mambo mawili usiyafanye. Usitumie jiki: inachubua ngozi, na ikichanganyika na ndimu au siki hutoa hewa ya sumu. Na ukishajisugua kwa ndimu, osha mikono vizuri kabla ya kurudi juani, kwani maji ya ndimu yakipigwa na jua juu ya ngozi huiunguza, ikatoa malengelenge na mabaka yanayodumu kuliko doa ulilokuwa unalitoa.