Mlima Kenya Ndani ya Kompyuta
Bruce Artwick alipotoa mwaka 1979 programu ya kuiga urubani kwa kompyuta ya Apple II, ardhi yote ilikuwa mistari mitupu, na hata toleo la Microsoft la 1982, lililotosha katika kilobaiti 64, lilihusu miji ya Marekani kama Chicago, hivyo Meru na Embu, miji ya Kenya iliyo karibu na Mlima Kenya, haikuwamo. Mlima Kenya, wenye mita 5,199, uliingia baadaye, dunia nzima ilipoanza kuchorwa, na mzigo ukaielemea kumbukumbu ya michoro, yaani hifadhi ya kasi ndani ya kadi ya michoro inayobeba picha za kuivisha ardhi. Toleo la Microsoft la 2006, kwa kuwa lilikuwa la biti 32, halikuweza kutumia zaidi ya gigabaiti 4 za kumbukumbu, likajulikana kwa kuzimika safarini. Lile la 2020 liliondoa kikwazo hicho, ingawa lilileta kingine, kwani picha za mashamba ya chai ya Embu na miraa ya Igembe, huko Meru, hupakuliwa kwa intaneti. Nayo hifadhi ya kadi ya michoro ikijaa, picha hukimbilia kumbukumbu kuu ya kompyuta, iliyo ya polepole zaidi, na mwendo hukatikakatika. Dawa ni kupunguza kwanza ukali wa picha za ardhi.