Historia Iliyobaki Tumboni

Anayetaka kujua kwa nini mgonjwa wa Singida apimwe choo kabla ya kuanzishiwa dawa za kushusha kinga, aanze na historia ya maji ya mkoa huu. Singida ina msimu mmoja wa mvua, kati ya Novemba na Aprili. Kiangazi kikikaza, watu wamekuwa wakifukua visima kwenye mchanga wa mito iliyokauka na kuchota maji pale pale mifugo inaponyweshwa. Hospitali za misheni, ya Walutheri kule Kiomboi na ya masista Wakatoliki kule Makiungu, zilikulia katika mazingira hayo. Kwa mganga wao, kuhara damu kulimaanisha amiba au bakteria, na mara nyingi hakukosea.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 nchini kote katika vikundi vya redio. Mmoja alisoma kijitabu kwa sauti, wenzake wakajadili safura, kuhara na kichocho, kisha wakashika majembe kuchimba vyoo. Sijui kazi nyingine ya afya ya miaka ile iliyowaheshimu wanavijiji kiasi hicho. Ila Operesheni Vijiji, ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, ilikuwa mlangoni: aliyehamishwa aliacha choo chake pamoja na nyumba, na visima vichache vikabeba kaya nyingi. Oktoba 1977 kipindupindu kililipuka Rufiji na kuenea mikoani.

Kipindupindu hupita. Kuna mnyoo usiopita, strongiloidi, unaoingia kupitia nyayo za asiyevaa viatu na kuzaliana ndani ya mtu yule yule. Wanajeshi wa Uingereza waliotekwa na Wajapani katika Vita Kuu ya Pili walikutwa nao miongo kadhaa baada ya kurudi kwao. Basi mtoto aliyetembea peku kijijini mwaka 1975 anaweza kuwa nao hadi leo bila dalili yoyote. Kinga ikishushwa, hasa kwa prednisoloni, viluwiluwi vyake hutoboa utumbo na kupeleka bakteria kwenye damu. Infliximabu, sindano ya kushusha kinga iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa ugonjwa wa Crohn, aina ya uvimbe sugu wa utumbo, ilileta onyo la namna hiyo: mwaka 2001 madaktari waliripoti wagonjwa 70 walioibukiwa na kifua kikuu baada ya kuitumia.

Atauliza mtu: uvimbe sugu wa utumbo si ugonjwa wa wazungu? Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda, alifundisha kwamba vyakula vyetu vyenye nyuzinyuzi vinatukinga, na huenda aliona sawa kwa wakati wake. Lakini ugonjwa unaohitaji kamera ya utumbo kuthibitishwa hauwezi kuhesabiwa vizuri mahali ambapo kamera haipo. Tena hatari haisubiri sindano za bei kubwa. Prednisoloni ni rahisi, na hutolewa kwa pumu, viungo na ngozi. Akipewa mwenye amiba aliyedhaniwa ana vidonda vya utumbo mpana, utumbo unaweza kutoboka.

Wengine husema dawa za minyoo hugawiwa shuleni, inatosha. Haitoshi. Dozi moja ya albendazoli huimaliza minyoo mikubwa ya duara vizuri, lakini kwa strongiloidi ni dhaifu. Inayofaa ni ivermektini. Hata darubini hukosea kwa sampuli moja, kwa hiyo choo kipimwe zaidi ya mara moja, na daktari amuulize mgonjwa alikulia wapi, alikunywa maji gani, na alianza kuvaa viatu lini.