Mpiga Santuri Aliyetangulizwa Mbele ya Mwimbaji

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza kama mpiga santuri aweza kuitwa mwanamuziki. Nilijibu upesi kwamba hawezi, maana haimbi wala hana ala mkononi. Jibu hilo limenisumbua tangu siku ile, na anayenisumbua hasa ni Mfaransa David Guetta.

Guetta alizaliwa Paris mwaka 1967. Katika miaka ya 1980 alikuwa kijana wa kupiga santuri katika kumbi za dansi za mji huo. Kazi hiyo haikuwa na jina. Watu walikuja kucheza. Walimjua mwimbaji aliyemo katika sahani, na aliyeiweka sahani juu ya mashine aghalabu hawakumtazama. Baadaye aliendesha, pamoja na mkewe Cathy, ukumbi wa Les Bains Douches, jengo lililokuwa hamamu katika karne ya 19. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2002, naye amekwisha kupita miaka thelathini.

Mwaka 2009 ndio uliogeuza mambo. Alishiriki kuutengeneza "I Gotta Feeling" wa Black Eyed Peas, wimbo uliokaa majuma 14 mfululizo kileleni mwa orodha ya nyimbo zinazopendwa Marekani. Mwaka huo huo ulitoka "When Love Takes Over". Anayeimba ni Kelly Rowland, lakini jina lililotangulizwa ni la Guetta, ambaye hatumsikii akiimba hata neno moja! Zamani mpangilio huo ungalikuwa kichekesho.

Kisha ukaja "Titanium", mwaka 2011. Sia aliuimba kama kielelezo tu, ili mwimbaji mwingine aufuate. Guetta akaipenda sauti ile ile, akaiacha ndani ya wimbo. Sia amepata kueleza kwamba hakujua ingetumiwa, na kwamba alichukizwa. Wimbo ulienea duniani, na mwaka huo huo wasomaji wa gazeti la Kiingereza DJ Mag walimchagua Guetta kuwa wa kwanza miongoni mwa wapiga santuri wote. Walimchagua tena mwaka 2020 na 2021.

Wako wanaosema kwamba umaarufu huu ni wa mashine. Mimi naona Kiswahili kilikwisha kutoa hukumu yake kitambo: twasema fulani apiga ngoma, apiga zeze, apiga santuri. Kitenzi ni kimoja, wala hakimbagui mtu kwa chombo alichoshika. Lakini kitenzi hicho hakituambii lolote juu ya haki ya Sia.

Niliporudi darasani nilikiri nusu ya kosa langu: Guetta ni mwanamuziki. Juu ya nani angestahili kutajwa kwanza katika "Titanium", darasa liligawanyika sehemu mbili, na kengele ikalia tungali tukibishana.