Meditesheni: Je, ni lazima ukunje miguu mpaka iume?

Wengi wanaojaribu meditesheni huishia njiani. Magoti yanauma, mgongo unachoka, basi wanaacha. Lakini si kila njia inadai mkao uleule.

Zen (Japani): Unakaa juu ya mto, miguu imekunjwa, mgongo wima, macho nusu wazi. Katika tawi la Soto unatazama ukuta. Mkao wenyewe ndio zoezi, hivyo haulegezwi ovyo.

Vipassana ya S.N. Goenka: Kozi ni ya siku 10. Baada ya siku za mwanzo, kila siku kuna vipindi vitatu vya saa moja ambavyo mwanafunzi hujitahidi asibadili mkao. Maumivu anayatazama tu, hayakimbii. Mwenye shida ya mwili anaweza kutumia kiti.

TM ya Maharishi Mahesh Yogi: Dakika 20, mara mbili kwa siku, kwenye kiti cha kawaida, macho yamefungwa. Hapa kujilazimisha ni kosa.

MBSR: Jon Kabat-Zinn aliianzisha Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, akiwalenga wagonjwa wenye maumivu sugu. Zoezi lake moja hufanywa ukiwa umelala chali, ukisikiliza mwili kiungo kwa kiungo. Adui hapa ni usingizi.

Ukichagua, anza na mwili wako. Ganzi ya mguu kwa kawaida huisha ukijinyoosha. Goti likichoma kwa ndani, hiyo ni habari nyingine: usijikaze, badili mkao papo hapo. Kiti hakipunguzi meditesheni.