Surua, Mvumi na Vitamini Iliyosahauliwa

Kauli kwamba surua haina dawa ni nusu ya ukweli. Hakuna dawa iliyozoeleka ya kukiua kirusi chenyewe mwilini, na ndiyo maana chanjo, iliyoanza kutumika Marekani mwaka 1963, ingali ngao kuu. Lakini mtoto anayekufa kwa surua mara nyingi hauawi na upele wala homa. Kirusi hubabua utando wa ndani wa njia ya hewa, utumbo na macho, kisha nimonia na kuhara humaliza kazi. Hapo tabibu ana la kufanya, tena lilijulikana mapema, likaachwa.

Mwaka 1932 daktari Joseph Ellison wa London alichapisha matokeo ya watoto 600 wenye surua, aliowagawa mafungu mawili sawa. Waliopewa vitamini A na D walikufa 11, wasiopewa, 26. Miaka mitatu baadaye ikatangazwa Prontosil, dawa ya kwanza ya salfa, ikafuatiwa na penisilini, na macho ya madaktari yakahamia kwa bakteria. Sidhani Ellison alidharauliwa. Ulaya ilikuwa inazidi kushiba, watoto wake hawakufa tena kwa wingi, basi swali likakosa wa kuliuliza. Na kule ambako watoto waliendelea kuzikwa, majarida ya tiba hayakuwa yakipatazama sana.

Swali likaja kufufuka Dodoma. Katika Hospitali ya Mvumi, watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa: 88 walipewa uniti 200,000 za vitamini A siku ya kulazwa na tena kesho yake, na 92 wakapata matibabu ya kawaida tu. Wakafa 6 upande wa kwanza, 12 upande wa pili. Mwenye shaka atasema tofauti ya watoto sita yaweza kuwa bahati tu, na kwa hesabu za kitakwimu hakosei. Ila atazame walio chini ya miaka miwili: alikufa 1 kati ya 46 waliopewa, na 7 kati ya 42 wasiopewa. Isitoshe, utafiti wa Cape Town uliochapishwa 1990, safari hii kwa kutumia dawa bandia kwa ulinganisho, ulipata vifo 2 kati ya 92 dhidi ya 10 kati ya 97. Bahati haijirudii hivyo katika sehemu tatu, kwa karibu miaka sitini, ikielekea upande uleule. Ripoti ya Mvumi ilitoka 1987, mwaka uleule ambao WHO na UNICEF walipendekeza vitamini A kwa wagonjwa wa surua penye upungufu wake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: habari hizi huwapa hoja wanaokataa chanjo. Huwapa kweli, lakini kwa kuzisoma vibaya. Watoto wa Mvumi walikuwa wameshaambukizwa; vitamini haikumkinga hata mmoja na surua. Na ikizidi hudhuru ini, kama ilivyoonekana Texas mwaka 2025, watoto waliponyweshwa nyumbani kupita kiasi. Kipimo cha hospitali hufuata umri: uniti 50,000 kwa walio chini ya miezi 6, 100,000 hadi miezi 11, na 200,000 kuanzia mwaka mmoja, kwa siku mbili mfululizo.